Ordinatere ya michezo na VR: mahesabu inaanzia ku umeme, haiko ku prosesere

Mu miji mingi ya mashariki ya Kongo, sali ya michezo yenye PlayStation na ekra mbili tatu ni kitu cha kawaida. Mutu analipa muchezo moja wa mupira, anacheza, anaachia mwenzake kiti. Sasa kuko vijana wenye wanataka kwenda mbele zaidi: kujenga ordinatere yao wenyewe, yenye nguvu ya kucheza michezo mikubwa na kutumikisha kaske ya VR, ile inafunika macho na kumufanya mutu ajione kama iko ndani ya muchezo. Wamoja wanaitaka ya nyumba. Wengine wanaitaka juu ya kazi, walipishe watu kwa dakika ao kwa muchezo.

Ordinatere ya namna hii si rahisi kuipata ikiwa tayari mu magazini. Inajengwa kipande kwa kipande. Kimoja kinatoka Kampala, kingine Kigali, kingine kinaletwa na mufanyabiashara wa Butembo mwenye anarudi Dubai ao China. Hapo njo hatari inaingilia. Kipande chenye kilichaguliwa mubaya hakirudi tena Dubai, na franga ya likelemba ya mwaka muzima inaweza kubakia ndani ya bwati yenye haiwake.

Wengi wanaanza mahesabu ku prosesere, juu njo jina lenye linasikika sana. Lakini kwa mutu wa Goma, Bukavu, Bunia ao Kisangani, mahesabu ya muzuri inaanzia ku vitu viwili: kazi gani mashini itafanya, na umeme gani utaiendesha. Vipande vingine vyote vinafuata hapo.

VR inaomba nini zaidi ya ekra

Ekra ya kawaida ya Full HD iko na pikseli 1920 kwa 1080, ni kusema karibu milioni 2. Muchezo unaonekana muzuri kama ordinatere inachora picha 60 kwa segonde moja. Kaske ya Meta Quest 2, yenye ilitoka mwaka 2020, iko na pikseli 1832 kwa 1920 kwa kila jicho. Macho yote mawili inafanya milioni 7, zaidi ya mara tatu ya ekra ya kawaida. Quest 3 ya mwaka 2023 inapita milioni 9.

Tena VR haivumilie kuchelewa. Kama kaske inaonyesha picha 90 kwa segonde, ordinatere iko na milisegonde 11 tu ya kumaliza kila picha. Ku ekra ya kawaida, picha ikichelewa mutu anaona muchezo unakwamakwama, anakasirika kidogo, basi. Ndani ya kaske ni jambo lingine: kichwa kinageuka, lakini dunia yenye macho inaona haigeuke pamoja nacho. Tumbo linachafuka, jasho linatoka, mutu anavua kaske. Kwa mwenye sali, muteja wa vile harudie.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: je, kaske itahitaji ordinatere kweli? Quest 2, Quest 3 na Quest 3S ziko na prosesere yao ndani. Zinaweza kucheza michezo mingi peke yake, sawa Beat Saber, bila ordinatere hata moja. Batri yao inafanya karibu saa mbili, na inachajiwa na kable sawa ya telefone. Quest 3S ilitoka mwaka 2024 kwa dolari 299 Marekani. Bei ya huku inapanda juu ya safari na duane. Kwa mwenye franga kidogo na umeme wa kukatikakatika, kaske peke yake inaweza kufungua kazi, na ordinatere ikuje nyuma.

Ordinatere inakuwa ya lazima kama mutu anataka michezo mikubwa sawa Half-Life: Alyx ya mwaka 2020, yenye haiingie ndani ya kaske, ao kama mashini ileile itafanya pia kazi ya video na ya michezo ya ekra.

Karte grafiki njo inabeba muzigo

Mu ordinatere ya michezo, karte grafiki njo inachora picha. Kama bajeti ya mashini ni dolari 1000, karibu sehemu moja ku tatu inaweza kwenda hapo bila kujuta. Lakini jina la karte halitoshe. Kuko vitu vitatu vya kuangalia.

Cha kwanza ni memware yake ya ndani. Half-Life: Alyx inaomba karte ya giga 6 kwa uchache. Kwa mutu mwenye ananunua leo, giga 8 njo pa kuanzia. Ajue pia kama jina moja linaweza kuficha karte mbili. RTX 3060 ya kwanza, ya mwaka 2021, iko na giga 12. Kisha ilitoka ingine ya giga 8, jina lile lile, lakini nguvu yake ni kidogo. Muuzishaji akisema tu ni 3060, sherti aulizwe ni ya giga ngapi.

Cha pili ni umeme wenye inakula. RTX 3060 inakula wati 170. RTX 4060 ya mwaka 2023 inakula wati 115, na haiko nyuma yake kwa nguvu. RX 6600 inakula wati 132. Lakini RTX 3080, yenye inapatikana okazio na inavutia macho, inakula wati 320 peke yake. Kule Ulaya mutu anaangalia tu faktire ya umeme. Huku, wati zile njo zinaamua kama ondulere itavumilia, kama grupe itazima, kama batri ya solere itafika saa tatu za usiku.

Cha tatu kinasahauliwa na wengi: namna karte inatuma picha ku kaske. Quest haipokee picha kupitia kable ya ekra. Karte inafunga picha sawa video, inaituma kwa kable ya USB ao kwa Wi-Fi, kaske inaifungua. Kazi ile ya kufunga inaomba sehemu fulani ndani ya karte. RX 6400 na RX 6500 XT, zote za mwaka 2022, hazina sehemu ile. Ni karte za bei ya chini, zinaweza kucheza mupira ku ekra, lakini kwa Quest hazifae.

Prosesere, karte mere na memware: sherti visikilizane

Kwa michezo na VR, prosesere ya katikati inatosha. Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022 na Core i5-12400 ya mwaka ule ule ziko na mioyo sita kila moja, na zinabeba karte zenye zilitajwa hapo juu bila shida. Kulipa mara mbili juu ya Core i9, kisha kuweka karte grafiki ya zaifu, ni kununua moteri ya kamio na kuifunga ku magurudumu ya kinga.

Kuko herufi moja ya kuangalia. Core i5-12400F na Core i5-12400 ni ndugu, lakini ile yenye F haina sehemu ya picha ndani yake. Ryzen 5 5600 pia haina. Karte grafiki ikiharibika, ekra inabakia nyeusi na mashini nzima inakufa mupaka karte ingine ifike. Ku muji wenye kupata kipande kunaomba majuma mawili ao matatu, ile i5 bila F inaweza kusaidia: ordinatere inaendelea kuandika, kuimprime na kuingia ku intaneti wakati karte iko kwa fundi.

Prosesere haiingie ku kila karte mere. Ryzen 5000 inaingia ku tundu la AM4. Ryzen 7000 na zenye zinafuata zinaomba AM5. Core ya kizazi cha 12, 13 na 14 zinaingia ku LGA1700. Hata tundu likiwa sawa, karte mere ya zamani, mufano ya B450, inaweza kukataa Ryzen 5 5600 mupaka programu yake ya ndani ifanyiwe mizajuru. Mutu mwenye hana prosesere ingine ya kuwasha nayo atakwama. Njia rahisi ni kununua prosesere na karte mere pahali pamoja, na kuomba muuzishaji aziwashe pamoja mbele ya kulipa.

Memware ya RAM iko na namna mbili ku soko: DDR4 na DDR5. Haziingiane, kila moja iko na tundu lake. AM4 inakubali DDR4 tu, AM5 inakubali DDR5 tu, na LGA1700 inategemea karte mere. Giga 16 inatosha kwa kuanza. Vipande viwili vya giga 8 vinatumika haraka kuliko kimoja cha giga 16, juu prosesere inasoma njia mbili kwa mara moja. Tangu mwisho wa mwaka 2025 bei ya memware ilipanda sana mu dunia nzima, juu viwanda vinapeleka sehemu kubwa kwa mashini za akili ya bandia. Mwenye iko na RAM ya DDR4 ya muzuri ku ordinatere ya zamani asiitupe.

Kwa kuhifazi, diski SSD ya tera moja ni ya lazima kuliko ya fahari. Muchezo moja mukubwa unaweza kupita giga 60.

Mutego wa ordinatere ya ofisi

Ku masoko ya huku kunaingia ordinatere mingi za okazio zenye zilitumika mu maofisi ya Ulaya na Dubai: Dell OptiPlex, HP, Lenovo. Bei yao ni ya chini, na vijana wengi wanawaza kuweka karte grafiki ndani, basi kazi imeisha. Inawezekana, lakini kwa mipaka.

Alimantasio ya mashini zile mara mingi ni ya wati 180 mupaka 290, na haina kable ya kulisha karte grafiki. Mara mingi pia ile prizi yenye inaingia ku karte mere si ya kawaida, kwa hiyo alimantasio mupya ya soko haiingie. Ku mashini ya vile, karte yenye inafaa ni ile inakunywa umeme wote ku karte mere, bila kable ya pembeni: GTX 1650 zingine za wati 75, ao RTX 3050 ya giga 6 yenye inaishia ku wati 70. Kama bwati ni nyembamba, karte pia sherti ikuwe fupi. Kwa michezo ya ekra, mashini ile itafurahisha. Kwa VR, itafanya michezo myepesi tu.

Kuko na swali la Windows. Microsoft iliacha kusaidia Windows 10 tarehe 14 mwezi wa kumi 2025. Windows 11 inaomba prosesere ya Intel ya kizazi cha 8 ao Ryzen ya mufululizo wa 2000 kwenda juu, isipokuwa chache. OptiPlex ya kizazi cha 4 ao cha 6 haiko ndani.

Umeme: kipande chenye hakionekane ku picha

Ku video za YouTube, mutu anamaliza kujenga, anachomeka ku ukuta, taa za rangi zinawaka. Umeme hauzungumziwe. Lakini Bukavu, yenye inategemea mitambo ya Ruzizi, ao Kisangani, yenye inategemea ule wa Tshopo, wakaaji wanajua delestaji ni nini. Mangaribi nyumba zote zikiwasha, umeme wa volti 220 unashuka. Ukikatika kisha ukirudi, unaweza kurudi kwa kishindo. Kile kishindo njo kinaua vyombo vingi.

Mulinzi wa kwanza ni alimantasio, ile bwati ya chuma yenye inageuza umeme wa ukuta. Kwa mashini ya RTX 4060 ao RX 6600, alimantasio ya kweli ya wati 550 inatosha na kubakiza. Neno "ya kweli" njo la muhimu. Kuko bwati nyepesi zimeandikwa wati 700 na hazifike hata nusu. Alama ya 80 PLUS Bronze inaonyesha kama kifaa kilipimwa: ku nusu ya muzigo wake, inageuza karibu asilimia 85 ya umeme, na inapoteza kidogo kwa joto.

Ku kikaratasi cha alimantasio, mununuzi asome mustari wa volti. Yenye imeandikwa 100-240 V inavumilia umeme wenye umeshuka mupaka 160 bila kuzima. Zile za bei ya chini ziko na kitufe chekundu nyuma, cha 115 na 230. Kitufe kikisahauliwa ku 115, kisha mashini ichomekwe ku 220, alimantasio inapasuka siku ile ile.

Mulinzi wa pili ni kifaa cha kuchelewesha umeme, sawa kile kinawekwa ku frigo. Umeme ukirudi, kinangojea dakika chache mbele ya kuufungulia. Bei yake ni kidogo sana kuliko ya karte grafiki.

Mulinzi wa tatu ni ondulere. Hapa watu wanachanganya VA na wati. Ondulere ya 650 VA haibebe wati 650. Mara mingi inaishia karibu ku wati 360 ao 390. Mashini ya RTX 4060 yenye inacheza inaweza kuvuta karibu wati 280 ku ukuta, na ekra wati 30: pamoja 310. Ondulere ile itaibeba dakika chache, ya kuhifazi na kuzima. Haiko ya kumaliza muchezo. Mashini ya RTX 3080 itavuta zaidi ya 500, na ondulere ile ile italia na kuzima palepale.

Mahesabu ya mwezi pia inaonyesha tofauti. Mashini ya wati 310 ikicheza saa tano kila siku, kwa siku 30 inakula karibu kilowati-saa 47. Mashini ya wati 550 itakula zaidi ya 80. Kwa mwenye sali ya michezo, ile tofauti inatoka kila mwezi mu mufuko wake.

Mwenye anatumia solere afanye mahesabu mbele. Batri moja ya volti 12 na Ah 200 iko na wati-saa 2400, lakini batri ya risasi haifae kushushwa chini ya nusu. Inabakia 1200. Kisha konvertisere nayo inakula yake. Ku batri mbili za vile, mashini ya wati 310 itacheza saa saba kwa karatasi, lakini kwa kweli ni saa sita ao chini. Kaske ya Quest peke yake, ku batri zilezile, itachajiwa siku nyingi.

Na grupe ndogo ya wati 650? Umeme wake unapanda na kushuka kufuata moteri. Bila stabilizatere katikati, si ya kuchomekwa ku ordinatere ya dolari 1000.

Joto na vumbi

Kisangani na Kindu ni joto na unyevu. Goma ni baridi kidogo, lakini vumbi yeusi ya volkano inaingia mupaka ndani ya kabati. Vumbi ikifunga ventilatere, karte inapata moto, inapunguza mwendo yenyewe, na ndani ya kaske mutu anaanza kuona picha zinakwama.

Bwati ya inje yenye iko na wavu mbele na chujio ya kutoa na kusafisha inafaa kuliko yenye iko na kioo pande zote. Ventilatere mbili mbele na moja nyuma zinatosha. Mashini isiwekwe chini ku sima ao ku udongo. Kila mwezi kwa Goma, ao miezi miwili kwa pahali pengine, isafishwe na brashi laini, ikiwa imetoshwa ku prizi.

Karte ya bongo na kaske zenye zimekufa

Okazio haiko mubaya. Tarehe 15 mwezi wa tisa 2022, Ethereum iliacha kutengenezwa kwa karte grafiki, na karte mingi zenye zilikuwa zinafanya kazi ile usiku na muchana ziliingia ku soko. Zingine ziko bado na maisha. Ventilatere zao mara mingi zimechoka, lakini zinaweza kubadilishwa.

Hatari kubwa ni karte ya bongo. Wadanganyifu wanachukua karte ya mwaka 2010, wanaibadilisha jina ndani ya programu yake, ordinatere inaiita GTX 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z, tangu mwaka 2018, inaweza kugundua karte nyingi za vile na kuandika wazi ni ya uongo. Programu ile ni ndogo, inaingia ku kile ya USB. Mununuzi aende nayo.

Mbele ya kulipa karte ya okazio: iwashwe ku ordinatere, ichezeshwe dakika 20 ku muchezo wenye muzigo, mutu aangalie kama kuko madoa ya rangi ku ekra, kama mashini inazima, kama ventilatere zote zinazunguka. Muuzishaji mwenye anakataa kuwasha ameisha kujibu.

Kwa SSD na kile za USB, nayo kuko za bongo: zinaonyesha tera moja lakini ndani ni giga 64. Programu ya H2testw inaandika na kusoma mupaka mwisho, na kuonyesha ukweli.

Kaske za okazio nazo ziko na mutego wao. HP Reverb G2 na kaske zingine zenye zilitumia Windows Mixed Reality zinauzishwa bei ya chini sana, juu Microsoft ilitosha programu ile mu Windows 11 kuanzia toleo la 24H2 la mwaka 2024. Picha yao ni ya muzuri, lakini ku mashini mupya programu ile haiko tena. Rift S na Valve Index nazo zinaomba tundu la DisplayPort ku karte grafiki, HDMI haitoshe.

Kuko pia jua. Lenzi za kaske zinafanya sawa vioo vya kuwashia moto. Kaske ikiachwa lenzi zikiangalia jua dakika chache tu, ekra ya ndani inaungua, na doa lile halitoke. Mwenye anafungua kazi inje, pembeni ya ziwa ao ku kiwanja, aweke kaske ndani ya kivuli na aifunike. Meta inasema mutoto mwenye hajafikisha miaka 10 asitumie Quest, na muchezaji anahitaji nafasi ya metre 2 kwa 2 bila kiti wala meza.

Intaneti: wapi megabaiti zinakwenda

Wengine wanaogopa kama VR bila kable itakula megabaiti. Hapana. Quest ikiunganishwa na ordinatere kwa Wi-Fi, picha zinapita kati ya mashini na kaske ndani ya nyumba, haziende ku intaneti. Inaomba tu rutere yenye iko na 5 GHz, ikae mu chumba kile kile, na ordinatere iunganishwe nayo kwa kable. Wi-Fi ya telefone haifae. Mwenye hana rutere anunue kable ya USB ya metre 3 ao 5 yenye ni ya USB 3.

Megabaiti zinaliwa ku mwanzo: kufungua konti, mizajuru, na kupakua michezo. Kama muunganisho ni wa bei kali, mashini inaweza kupelekwa siku moja ku pahali pa fibre ao ya satelite, ipakue yote, irudi.

Namna ya kugawanya dolari 1000

Bei inabadilika kufuata muji na mupaka, lakini mugawanyo huu unaweza kuongoza, bila kuhesabu kaske na ekra:

Dolari 330 kwa karte grafiki ya giga 8 ao zaidi.
Dolari 220 kwa prosesere na karte mere pamoja.
Dolari 200 kwa umeme: alimantasio ya kweli, ondulere, kifaa cha kuchelewesha.
Dolari 100 kwa memware ya giga 16.
Dolari 90 kwa SSD.
Dolari 60 kwa bwati ya inje na ventilatere.

Mutu mwenye bajeti ya 700 asikate ile ya umeme. Akate ku SSD, atumie memware ya okazio, achukue karte ya kizazi cha nyuma. Karte ya zaifu inaweza kubadilishwa mwaka kesho. Karte yenye imeungua haina mwaka kesho.

Kwa vipande vyenye vinatoka inje, mununuzi aulize bei ya mwisho ikiwa imefika muji wake, na duane ya DGDA ndani, asiangalie tu bei ya Dubai. Aombe faktire yenye iko na jina kamili la kipande na namba yake, na siku za garanti ziandikwe kwa kalamu. Alimantasio na ondulere zinunuliwe karibu, kwa muuzishaji mwenye anajulikana mu kartye, juu ni nzito kwa safari na njo zinakufa mbele ya vingine. Karte grafiki inaweza kuja ya mwisho: prosesere yenye iko na picha ndani itawasha mashini, itapima umeme wa nyumba mwezi moja ao miwili, na kama kuna kitu cha kuungua, hakitaungua na dolari 330.